Mwalimu Anayefundisha Viti

Saa mbili asubuhi. Mwalimu anasimama mbele ya viti vya plastiki na kuanza somo. Viti vyote ni vitupu.

Anaeleza namna ya kuandika muhtasari wakati mhadhiri anaendelea kusema. Anaandika neno moja ubaoni, analifuta, anasonga mbele. Nje ya mlango, uliorudishwa tu bila kufungwa, wanafunzi wake wamejipanga mstari mnyoofu, madaftari kifuani, wakingoja kuambiwa waingie.

"Labda ana mgeni," mmoja ananong'ona.

"Mgeni gani? Mbona anaongea peke yake?"

Muda unayoyoma. Mwishowe kijana mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, anasukuma mlango na kuchungulia. Mwalimu hamtazami. Kijana anaketi. Wenzake wanamfuata wakikanyagana.

"Mmekosa robo ya somo na sirudii," anasema mwalimu. "Anayetaka kujua nilisema nini, aulize."

Wanamwita Mama Uliza. Kila kipindi huwapokea vijana waliomaliza sekondari na wanaosubiri kwenda chuo, na kukaa nao wiki tatu katika ukumbi mdogo alioupanga nyuma ya duka la fundi cherehani. Anawafundisha kutumia maktaba, kugawa pesa ya mwezi ili isiishe siku ya kumi, kupika wali usioungua, na kuishi chumba kimoja na mtu asiyezima redio. Somo la kwanza ni hilo la mlango, na wanafunzi hawaambiwi kwamba ni somo.

Fundi cherehani anakumbuka alivyolisikia mara ya kwanza. "Nilimpelekea glasi ya maji. Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Mtu mzima anauliza viti kama vimeelewa!"

Kabla ya hapo Mama Uliza alifundisha baiolojia kwa miaka ishirini katika shule ya bweni. Aliwaona vijana wakifaulu kwa alama za kupigiwa makofi, kisha wakirudi kutoka vyuoni wamenywea. Alipoacha kazi ya shule akaanzisha mafunzo haya. Theluthi ya wanafunzi hawamalizi ada, kwa hiyo mchana anafundisha masomo ya ziada ili kodi ya ukumbi ipatikane.

"Watu wanadhani chuo ni shule iliyoongezwa majengo," anasema. "Shuleni unasukumwa. Chuoni hakuna wa kukusukuma, wala hakuna anayejua kwamba umesimama."

Somo la mlango hakulitoa kitabuni. Amelipata nyumbani kwake, kwa kitinda mimba wake.

Binti huyo alijiunga mwaka jana na chuo cha mafundi wa maabara. Haikupita miezi miwili akarudi na sanduku lake, akasema masomo yamemshinda. Mama yake hakuamini. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kemia shuleni. Ukweli ulitoka siku wawili hao walipokuwa jikoni wakimenya viazi.

"Siku ya kwanza ya vitendo nilisimama nje ya maabara na koti langu jeupe," binti anasimulia. "Shule yetu ukiingia maabara kabla ya kuitwa, utajuta kuzaliwa. Nikaona wenzangu wanapita tu, wanaingia. Nikasema moyoni, hawa wamelelewa wapi? Mimi nikangoja tuitwe."

Hakuitwa mtu. Mlango ukafungwa, naye akaona haya kubisha. Juma la pili alikuwa na haya za siku hiyo na za juma lililopita. Ikawa anavaa koti, anafika kwenye kona ya jengo, anageuka. Alipokuja kushtuka, mahudhurio yake yalikuwa hayamruhusu tena kufanya mtihani.

"Nilicheka," mama anakiri. "Mungu anisamehe, nilicheka mpaka na yeye akacheka. Halafu tukalia wote."

Kilichomuuma ni kwamba binti huyo hakuwahi kukaa hata siku moja katika mafunzo ya mama yake. Ilionekana hana haja, mwalimu si anaye nyumbani? Baba yake, dereva wa lori, anaeleza hali ya nyumba hiyo bila kuificha. "Yule mtoto hata kiu yake mama anaisikia kwanza. Akisema 'Mama, ile...', keshaletewa."

Safari hii binti yumo darasani, kiti cha nyuma. Hadi saa sita anamwita mama yake "Mwalimu", na akikosea anakosolewa kama wengine.

Chuo kimetangaza kwamba walioacha mwaka wa kwanza wanaweza kurudishiwa nafasi, ilimradi kila mmoja afike mwenyewe kwa mkuu wa idara kabla ya Ijumaa kwisha. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine.

Mkuu wa idara huyo anafahamika kwa Mama Uliza. Walifundisha shule moja, wakatumia meza moja.

"Simu moja tu," anasema, akiigeuza mkononi. "Angeniambia, dada, mlete mtoto. Na mtoto angekwenda kusimama kwenye kona ileile."

Jumatano uzalendo ulimshinda, akapiga. Ilipoita mara moja akakata. Rafiki yake alipompigia, akasema kidole kimeteleza, kisha akamuulizia watoto wake mmoja mmoja hadi salio la mwenzake likakatika.

Ijumaa binti anaondoka peke yake. Darasani ni siku ya kupiga pasi, na mwalimu mwenyewe anaunguza kola ya shati la mwanafunzi. Karibu na saa sita simu inaita.

"Mama, mkuu yuko kwenye kikao. Karani anasema nirudi wiki ijayo. Nifanyeje?"

Mwalimu anafungua mdomo, anaufunga. Jibu analo, na kila aliyemo ukumbini anaona kwamba analo.

"Wewe unaonaje?" anasema hatimaye.

"Wiki ijayo nitakuwa nimechelewa."

"Ehe."

"Basi nawagongea hukohuko kikaoni."

Simu inakatwa. Mwalimu anaishika pasi tena, na mwanafunzi mmoja anamkumbusha kwa adabu kwamba ameshaichomoa kwenye umeme.

Binti anarudi jioni, koo limekauka kwa kueleza. Alibisha, akaingia, akawakuta watu wamezunguka meza. "Mmoja alinifokea. Nikangoja amalize, nikaendelea nilipoishia." Aliwaeleza yote, mpaka kona ya jengo. Amerudishiwa nafasi, kwa sharti kwamba atarudia vitendo vyote tangu mwanzo. Anaondoka Jumapili. Mama yake amejitolea kumsindikiza na kumbebea sanduku, akakataliwa.

Muhula ujao Mama Uliza anapanga kuongeza siku moja ya wazazi. Anasema mada itakuwa kunyamaza, na kwamba wengi watafeli.

Lakini anapoulizwa matumaini yake ni yapi, hagusi habari za ukumbi wala ada.

"Natumaini wiki ya kwanza hatanipigia simu hata mara moja," anasema.

Na asipopiga?

Anatazama sanduku la binti yake, ambalo limeshafungwa.

"Wiki ya pili nitampigia mimi," anasema. "Yeye amehitimu. Mimi bado."