Utepe Uliopimwa Mezani

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya arusi yangu. Nilikuwa msichana, najifunza kazi katika ateliye, yaani karakana, ya Papa Ngoy, fundi wa vyombo vya umeme hapa Kamina. Zahanati ilituletea chombo cha kulinda watoto njiti: utepe wa plastiki unazungushwa mguuni, na mtoto akiacha kupumua, kengele inalia. Utepe ulikuwa umekatika ndani.

Papa Ngoy alichora upya njia ya umeme kwa wino wenye chembe ndogo mno za madini ya fedha, kisha akapitisha mwali wa leza ili zishikane. Kazi hiyo ina ugumu wake: mwali ukiwa mkali, plastiki inaungua, ukiwa hafifu, chembe hazishikani vizuri, na jicho halioni tofauti. Aliupima utepe ukiwa umelala mezani. Umeme ulipita, akaurudisha zahanati.

Wiki ile mtoto njiti wa askari wa kambini alikufa akiwa na utepe ule mguuni, na kengele haikulia. Watu wakasema mama alisinzia akamlalia mwanawe. Papa Ngoy aliuomba utepe, akautazama kwa lenzi. Pale ulipokunjwa mguuni, ile njia ya fedha ilikuwa imepasuka. Hakula siku ile.

Nilimshika mkono asiende matangani. Nilikuwa na hofu, sioni haya kusema.

"Papa, acha. Ule mutoto alikuwa mudogo sana, angekufa tu. Basoda ba kambi batavunja ateliye."

Akanitazama kwa hasira ambayo sijaiona tena. "Hii muzigo iko yangu. Ukinibebea leo, kesho weye pia hautakunja utepe ukipima."

Akaenda. Mbele ya waombolezaji alimwambia mama yule, "Mama, haukulalia mutoto. Kazi yangu njo ilikuwa mubaya."

Mama alivuta kitenge usoni. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa mbali naye tangu asubuhi, akasogea akaketi karibu. Baba wa mtoto alimpiga Papa Ngoy hadi tukamwondoa akivuja damu. Hakufungua ateliye tena.

Mwanangu, nilimpenda mzee yule, ndiyo maana nilitaka kumdanganya. Usiwafanyie hivyo unaowapenda. Na kazi yako usiijaribu inavyokaa mezani kwako. Ijaribu itakavyokaa mguuni kwa mwenye kuihitaji. Mungu akupe mikono mitulivu, na siku ukikosea, akupe miguu ya kufika matangani.