Dawa ya Saa Nane

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani. Nilitoka mtaani kwetu Bwiza bila kujua naelekea wapi. Shule niliiacha mapema, kazi sikudumu nazo, na mlango wowote uliokuwa wazi nilitaka kujua ndani kuna nini. Miguu ikanifikisha mtaa wa Kanyosha, nikamkuta Mama Aline, jirani yetu wa zamani, anahangaika na gunia la mkaa. Nikalibeba hadi kwake.

Ndani alilala Aline, binti wa miaka tisa, mwenye saratani ya mfupa. Hospitali haikuwaficha: kupona hatapona, ila maumivu yanatulizwa. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani aliwaachia chupa ya morfini, dawa ya maumivu ya kunywa kila baada ya saa nne, na bomba dogo la kupimia. Niliuliza maswali mpaka mtoto akanibatiza Bwana Kwa Nini.

Saa saba Mama Aline akatoka kwenda sokoni. "Saa nane umupe, mupaka hapa kwenye alama."

Saa nane Aline alikuwa anacheka. Nikajiuliza, dawa kali hivi ya nini kwa mtoto anayecheka? Nikaiacha kabatini. Saa tisa kicheko kikakatika. Aliuma shuka, akatazama mlango. Nikampa dawa haraka, lakini dawa ikichelewa hukawia kuyashika maumivu.

Mama alirudi akamkuta hivyo. Alimpakata mpaka akatulia, kisha akanigeukia.

"We! Ulingoja alie?"

"Alikuwa anacheka, Mama Aline."

"Alicheka sababu ya dawa ya saa ine asubuhi! Mi nilikuambia uangalie saa."

Nikainuka niondoke. Aline akasema kwa usingizi, "Apana, mama, usimufukuze. Hajamaliza kuuliza."

Mama Aline akatandika mkeka chumba cha mbele. "Utalala hapa. Dawa ya saa moja usiku ni yako."

Nilikaa miezi mitatu, mpaka Aline alipotutoka. Hakuna saa nyingine iliyonipita.

Basi, mwanangu, ukiachiwa mtoto wa namna hiyo, mpe dawa kwa saa yake, hata akiwa anacheza. Usingoje machozi ndipo uamini anaumia. Ukiwa na shaka, muulize muuguzi, usijiamulie kama mimi. Mungu akujalie subira kando ya kitanda cha mgonjwa, na watu watakaokuvumilia ukikosea.