Kompyuta Zilizosahau Tarehe

Nilizaliwa Maramba katikati ya miaka ya hamsini, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba yangu alishuka kutoka milimani kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ilikuwa kuhudumia injini ya kiwanda. Nyumbani tulisema Kishambaa, uwanjani Kiswahili, na ukitumwa nazi kwa majirani ulijikakamua kwa Kidigo. Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni baba akirudi kula mchana, mikono ikinuka dizeli, akimwambia mama kwamba leo injini imewaka mara moja tu, bila kusumbua. Mama akamjibu, "Haya, nawe kaa ule, ugali unapoa."

Kwa baba nilirithi ubishi wa kutaka kujua kitu kimekataa kwa nini. Ubishi huo ulinipeleka kwenye hisabati, hisabati ikanipeleka chuo kikuu Dar es Salaam. Huko, miaka ya sabini, nilijifunza kuandika programu kwa kutoboa kadi, kadi moja kwa kila mstari. Kisha nikawa mwalimu wa sekondari, na kompyuta nikaziacha huko huko. Nilikuwa nakaribia miaka hamsini, nikifundisha katika shule moja Raskazone, ziliponirudia.

Zilikuja kumi na mbili, ndani ya maboksi yaliyofungwa kamba za katani. Wafadhili wa nje walikuwa wamemaliza kuzitumia wakatugawia sisi. Ndani yake waliweka mfumo endeshi wa bure, ule ambao msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Mkuu wa shule alitoa chumba kilichokuwa stoo ya madawati, akaweka pazia, akanikabidhi ufunguo kwa sababu ni mimi peke yangu niliyewahi kuigusa kompyuta kabla ya hapo.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya pili umeme ulikatika, kama unavyokatika Tanga, ukarudi baada ya saa moja. Tuliziwasha upya. Maandishi meupe yakaanza kupita kwenye kioo cheusi, mstari baada ya mstari, kisha yakasimama. Tukangoja. Yakasogea kidogo, yakasimama tena. Zilipita dakika ishirini na tano kabla ya ya kwanza kuwa tayari, na mashine nne zilikwama kabisa zikidai neno la siri la msimamizi. Kipindi chetu kilikuwa cha dakika arobaini. Wanafunzi walikaa mikono mapajani wakitazama maandishi yasiyowahusu, kengele ikalia, wakaondoka.

Ikawa hivyo kila umeme ulipokatika, na ulikatika karibu kila siku.

Mkuu wetu alikuwa Mbondei wa maneno machache. Aliwahi kupokea misaada mingi katika maisha yake ya kazi: darubini zisizo na vioo, jenereta lisilo na vipuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku moja mwezi wa tano alisimama mlangoni, akatazama wanafunzi wakitazama vioo, akaniita nje.

"Mwalimu, hizi mashine zinafundisha nini?"

"Kwa sasa zinafundisha subira, mkuu."

Hakucheka. "Nina madawati yananyeshewa nyuma ya bwalo. Likizo ya Juni ikiisha, kama hazijakaa sawa, chumba kinarudi kuwa stoo."

"Zitakaa sawa," nilimwambia.

Nilisema hivyo kabla sijajua ugonjwa wenyewe. Lakini nilijua jambo moja, na lilinitosha: mashine ile ilikuwa inaeleza kila inachofanya, kwa maandishi, mbele ya macho yetu. Hakuna aliyekuwa anasoma.

Likizo ilipoanza nilimwomba mwalimu wa fizikia anisaidie. Alikuwa kijana wa familia ya Kiarabu, wazee wake walitoka Omani zamani, wana maduka mjini na minazi upande wa Kigombe. Alikuwa hodari wa umeme, na mikono yake haikuwa na haraka. Alifika asubuhi na birika la kahawa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na saa?"

"Ninayo mkononi."

"Basi wewe utanisomea sekunde, mimi nitaandika."

Tuliwasha mashine moja. Kila mstari ulipotokea nilinakili maneno yake katika daftari, naye akataja sekunde. Tulirudia mara tatu, kwa mashine tatu. Kufikia adhuhuri tulikuwa na kurasa saba, na matatizo yakawa mawili, si moja.

La kwanza lilikuwa katika kiini. Kiini ndiyo programu kuu ya mfumo endeshi. Ndicho kinachoamka kwanza, kikaitambua diski, kumbukumbu, kibodi na vifaa vingine, ndipo programu nyingine zote zipate pa kusimama. Kiini tulicholetewa kilitengenezwa kitoshe kila kompyuta duniani. Kwa hiyo kila kilipoamka kilianza kuulizia vifaa ambavyo mashine zetu hazikuwa navyo hata kimoja, na kikangojea kila kimoja kijibu. Nusu dakika hapa, nusu dakika pale.

"Yaani anabisha hodi nyumba zisizo na watu," alisema mwalimu wa fizikia.

"Na anangoja mlangoni kila moja."

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kabla ya kuendelea, mfumo ulikagua diski yote tangu mwanzo hadi mwisho, na sababu yake ilikuwa imeandikwa wazi: diski ilitumika mara ya mwisho katika tarehe ambayo bado haijafika. Nilisoma mstari ule mara mbili, nikamwomba mwenzangu aniambie mashine inadhani leo ni lini. Akatazama. Ilikuwa inadhani tuko mwaka wa themanini.

Alifungua kifuniko. Saa ya kompyuta huendelea kutembea hata ikizimwa, kwa nguvu ya betri ndogo. Betri zetu zilikuwa zimekufa kwa uzee, na mbaya zaidi zilifungiwa ndani ya kipande kimoja na saa yenyewe, hazitoki. Umeme ukikatika, mashine inasahau tarehe, inarudi mwaka wa themanini, inaona maandishi ya jana kwenye diski, inashtuka: haya yameandikwaje kabla ya wakati wake?

Nilianza na la kwanza kwa sababu lilionekana jepesi. Nilitengeneza kiini upya kutoka kwenye msimbo wake, nikikiondolea kila kisichotuhusu. Kukikusanya kulichukua mashine yetu tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Nilikiweka mahali pa kile cha zamani, juu yake kabisa, nikamtuma mwenzangu akamwite mkuu aje aone.

Mkuu alikuja. Niliwasha. Maandishi yalikimbia kama hayajawahi kukimbia, nami nikageuka kumtazama usoni. Nilipogeukia kioo tena, maandishi yalikuwa yamesimama, na mstari wa mwisho ulisema kwamba kiini kimepatwa na taharuki, hakioni diski.

"Sasa hii ni haraka zaidi," alisema mkuu. "Imekufa mapema." Akaenda zake.

Nililiona kosa langu kabla hajafika ofisini. Sehemu ya kiini inayojua kusoma diski nilikuwa nimeitenga kando, ihifadhiwe kwenye diski, iitwe ikihitajika. Basi kiini kinaamka, kinataka kusoma diski, na ujuzi wa kusoma umo ndani ya diski ile ile. Nilifunga nyumba nikauacha ufunguo sebuleni. Na kiini cha zamani, ambacho kingeniokoa, nilikuwa nimekifuta mwenyewe.

Niliona haya, sikatai. Mwalimu wa fizikia alinimiminia kahawa, akaweka kikombe mbele yangu.

"Dada, zimebaki kumi na moja nzima."

"Na hii ya kumi na mbili itawaka kesho," nilisema. Nilikuwa na hakika. Kosa ukishalijua jina lake, limekwisha nusu.

Kesho yake tuliichomoa diski tukaitia kwenye mashine nzima, nikarudisha kiini cha zamani. Nikatengeneza kipya tena, safari hii ujuzi wa kusoma diski ukiwa ndani ya kiini chenyewe. Sikukiweka juu ya kile cha zamani. Niliviweka viwili, na kuna programu ndogo inayoamka hata kabla ya kiini, nayo nikaiagiza itoe nafasi ya kuchagua: kipya, au kikishindikana, cha zamani. Tangu siku ile sijawahi kuondoa kitu kinachofanya kazi kabla kinachokuja mahali pake hakijathibitika, na nimewafundisha wanafunzi wengi hivyo kwa ukali.

Kiliwaka. Kusubiri vifaa visivyokuwepo kulikwisha, tukaokoa dakika tano.

Ikabaki saa. Kwa siku mbili nilizunguka chumba nikiwaza namna ya kumweleza mtu aliyepoteza kumbukumbu kwamba leo ni leo. Siku ya tatu, nikiwa nachambua mchele nyumbani, nikaona kwamba jibu lipo kwenye malalamiko yenyewe. Mfumo ulilalamika kwamba diski ina tarehe ya mbele. Basi diski inaijua tarehe! Si ya leo, lakini ya mara ya mwisho ilipotumika, na hiyo ni bora mara elfu kuliko mwaka wa themanini. Niliuacha mchele kwenye ungo.

Niliandika mistari kumi na saba ndani ya kiini. Ilisema hivi: ukiifungua diski, soma tarehe yake ya mwisho, kama saa ya mashine iko nyuma ya tarehe hiyo, isogeze saa mpaka hapo, kisha endelea. Mwalimu wa fizikia aliisoma juu ya bega langu, kidole kikifuata kila mstari.

"Na kama diski ndiyo inayodanganya?" aliuliza. "Kama kuna mtu aliweka tarehe ya mwaka elfu tatu?"

Alikuwa sahihi. Niliongeza mistari minne: ikizidi miaka kumi mbele ya siku kiini kilipotengenezwa, isisadikiwe.

Tuliweka, tukawasha, tukaandika barua fupi kwenye mashine. Kisha nikamwambia, "Chomoa."

"Hivi hivi?"

"Tanesco wakikata umeme wanakupigia hodi?"

Akachomoa waya ukutani. Tulihesabu hadi mia moja, akarudisha. Mashine ikaamka, maandishi yakapita, ukaguzi ukawa mfupi, na baada ya dakika moja na nusu barua yetu ilikuwa mbele yetu. Alipiga kofi la furaha, akasema "Alhamdulillahi", nami nikasema "Bwana asifiwe", tukacheka kwa sababu tulisema pamoja.

Kabla shule haijafunguliwa tulikiweka kiini kile kwenye mashine zote, kisha nikaenda kwenye duka la intaneti la ndugu yake mwalimu wa fizikia, karibu na soko, nikatuma mistari yangu kwa barua pepe kwa wale wanaokitunza kiini kile. Yule aliyejibu alikuwa mtu wa Ulaya, mwenye adabu, wa haraka. Aliandika kwamba kazi ni safi lakini si ya lazima: saa ikiharibika, dawa yake ni kubadilisha betri.

Wengine wangeishia hapo. Mimi nimesahihisha madaftari miaka ishirini na tano. Jibu fupi halinitishi. Nilimweleza kwamba betri zetu haziondoki. Nikamweleza kwamba mashine ambazo kwao zimetupwa ndizo ambazo kwetu zinafundisha, na kwamba mfumo unaojigamba kuwa wa watu wote hauwezi kudai betri nzima kama sharti la kuamka. Nikamwambia pia kwamba asiyetaka mistari yangu asiiwashe. Niliiandika upya iwe hiari.

Siku nne hakujibu. Ya tano alijibu kwa sentensi tatu. Alinisahihisha mahali pawili, akasema nikiparekebisha ataichukua. Niliparekebisha pale pale dukani, nimesimama, kwa sababu viti vilijaa. Ikachukuliwa.

Shule ilipofunguliwa, mkuu alikuja kipindi cha kwanza cha Jumatatu bila kuitwa. Wanafunzi arobaini walikuwa wamekaa watatu watatu, wanne wanne. Nilimwomba akazime swichi kubwa ya chumba mwenyewe. Alinitazama kwanza, kisha akaizima. Vioo vyote vikawa vyeusi, watoto wakaguna.

"Sasa washa, mkuu."

Aliwasha, akatoa saa yake ya mfukoni. Kumi na moja ziliamka chini ya dakika mbili. Moja, ile niliyoiua na kuifufua, ilichelewa kidogo kisha nayo ikaamka. Alirudisha saa mfukoni taratibu.

"Madawati nitayatafutia turubai," alisema. Alifika mlangoni, akarudi. "Mwalimu, jioni baada ya vipindi, mtu mzima naye anaweza kufundishwa?"

"Anaweza. Ila atanawa mikono kwanza na atafika kwa wakati."

Alifika kwa wakati, Jumatatu na Jumatano, muhula mzima. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga meza, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Barua ya kwanza aliyoichapa ilikuwa ya kumwomba ofisa elimu chumba cha pili.