Dude la Saa Tisa

Mwali hachungulii. Hilo niliambiwa siku ya kwanza nilipowekwa ndani, na siku ya pili nilikuwa nimekwisha toboa tundu kwenye kiambaza. Sijisifu. Aa, najisifu, kwa nini nidanganye? Chumba kilikuwa giza na joto, na mimi nilikuwa msichana wa kiherehere, niliyezoea kukimbizana na kaka zangu mashambani kwetu Pangani, hii ya Kibaha, si ile ya Tanga. Leo umevunja ungo, kesho umefungiwa: usitoke juani, usipaze sauti, mwanamume asikuone, kaa hapo usuke ukili mpaka siku utakayochezewa ngoma na kutolewa nje. Macho hayana pazia. Nikachukua kijiti cha chelewa, nikatoboa udongo kati ya fito mbili, upande wa mashariki, nikawa naiona dunia kwa jicho moja.

Zama zile zilikuwa za Mwingereza, wanaume wamekwisha rudi kutoka vita vya Burma. Nilikaa mle mwaka mzima na zaidi. Ngoma yangu ilikuwa ifanyike mpunga ukishaingia ghalani, na huko Kurui, Kisarawe, kulikuwa na kijana aliyekwisha leta barua ya posa. Nilimwona mara moja tu, anacheka. Nilihesabu siku. Nililitaka jua, nilitaka kukimbia, na nisiseme uongo, na mume pia nilimtaka.

Mchana mmoja mama alikuwa uani anapeta mchele. Mara nikasikia ungo unaanguka, na sauti yake: "Yarabi! Njooni mwone! Njooni!"

Nikatia jicho tunduni. Loo! Juu, juu kabisa, kitu cheupe, mviringo, kinameta. Hakina bawa, hakina mkia, hakina mlio. Kinakuja polepole kutoka upande wa Dar es Salaam, na huku kinazidi kupanda. Kisha kikatoweka, hivihivi, hakikushuka wala hakikuingia winguni, maana wingu halikuwapo. Nilitaka kupiga kelele, nikauma khanga.

Kesho yake, saa tisa, kikaja tena.

Ukuta wa chumba changu ndio uliokuwa ukuta wa baraza, kwa hiyo maneno yote ya wanaume niliyapata mabichi. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa waliotoka Burma. Jeshini alikuwa mpishi, lakini ukimsikiliza ungedhani hakuna vita vilivyopiganwa bila kuulizwa yeye kwanza.

"Hiyo ni ndege ya siri," alisema, akashusha sauti. "Ya kijeshi. Mzungu anajaribu ndege isiyo na mlio. Msiinyoshee kidole, msiseme sokoni. Mimi mambo haya nayajua."

"Nyota hiyo," akasema mwalimu wa chuo cha Kurani. "Zuhura huonekana hata mchana, mtu akiwa na macho mazuri."

"Nyota inatembea?"

"Na ndege haina mabawa?"

Wakavutana hivyo mpaka kahawa ikapoa. Mimi ndani nimejiziba mdomo, nakufa kwa kicheko.

Kicheko kiliniisha mama alipowatokea mlangoni pa baraza. "Ndege au nyota, hayo yenu," alisema. "Mwanangu hatoki chini ya kitu kisichojulikana."

Kwetu mwali akitolewa, cha kwanza kumwona kutoka juu lazima kiwe jua. Kwa hiyo mama akawauliza: na lile dude likimwona kwanza, itakuwaje? Nani atajibu mbele ya Mungu akija kuwa tasa? Hakuna mwanamume aliyethubutu kutia neno katika mambo ya mwali. Jioni ile ile ngoma yangu ikasogezwa hadi mavuno mengine.

Mavuno mengine! Mwaka! Nililia, nikapiga ngumi ukuta mpaka udongo ukadondoka. Nilimkasirikia mama, na baba mdogo, na Zuhura. Kisha hasira zikageuka zikawa kitu kingine, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Nikasema, dude hili nitalijua mimi. Mimi niliye ndani, wao walio nje wakipiga porojo.

Kazi yangu ilikuwa ukili, ile mikanda ya miyaa inayoshonwa kuwa mkeka. Siku niliyoliona dude, nikatia mwaa mwekundu. Siku nisiyoliona, mweupe. Siku ya mawingu, mweusi. Nikatazama na moshi wa mashamba yanayochomwa ng'ambo ya bonde, unalalia wapi. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akiniletea chakula, akaniona nimeganda ukutani.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "umemwona mume gani huko?"

"Bibi, dude linafuata moshi."

"Linafuata nini?"

"Moshi ukilala bondeni, na lenyewe linakwenda huko huko. Juzi kulipovuma upepo wa kinyume halikuja kabisa. Nyota gani inaomba ruhusa kwa upepo?"

Bibi akaweka sahani chini. Akaniambia nisogee, akatia jicho lake tunduni. Tokea siku ile tulikuwa wawili.

Lakini ndege ya siri ilikuwa bado inanisumbua. Huenda rubani anapenda tu kwenda na upepo. Nikakaa na swali hilo siku nyingi, mpaka shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Msimbu. Yeye ndiye aliyeleta ile posa ya Kurui, akaja kuuliza ngoma imekuwaje. Wanawake waliruhusiwa kuingia kwangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ala, umenenepa! Umekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa!"

"Shangazi, huko Msimbu dude mnaliona?"

"Dude gani? Aaa, lile jeupe! Tulikuwa tukiliona wakati wa kaskazi. Kusi ilipoanza tu, hatukuliona tena. Kumbe limehamia kwenu?"

Niliruka! Mwali haruki, mimi niliruka, nikamkumbatia shangazi mpaka ushungi ukamwanguka. Maana Msimbu iko upande mmoja wa Dar es Salaam na sisi upande mwingine. Kaskazi huvuma kwenda kwao, kusi huvuma kuja kwetu. Basi kitu kinatoka mahali pamoja, Dar es Salaam, saa ile ile, na upepo ndio unaokibeba. Hakina rubani, hakina injini. Ni kitu chepesi kilichotiwa hewa, kama kibofu cha mbuzi wanachochezea watoto siku ya Idi, na kikifika juu sana kinapasuka. Ndiyo maana kinatoweka!

Mimi kutoka siwezi, kusema na wanaume siwezi. Bibi akajifunga khanga ya pili, akabeba ukili wangu mzima, akaenda kuubwaga barazani. Nikabana sikio ukutani, jasho linanitoka.

"Haya wanaume," akasema, "someni. Mwekundu limekuja, mweupe halikuja." Akawaeleza yote, moshi, upepo, Msimbu. Hakusahau hata kibofu.

"Ukili si kitabu," nikamsikia mama.

"Ngoja, shemeji." Baba mdogo alisimama, nikasikia kiti kinaanguka. "Ngoja! Lahaula! Mimi mjinga! Kule Burma, uwanja wa ndege ulikuwa karibu na jiko letu. Kabla ndege hazijaruka, askari mmoja anaachia mpira mweupe, anaufuata kwa darubini, wajue upepo wa juu! Kila siku! Nilikuwa nauona nikiwa nakoroga uji!"

"Na siri ya Mzungu je?" akauliza mwalimu wa chuo.

"Siri yenyewe nilikuwa nimeisahau mimi."

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Kesho yake alfajiri baba mdogo alipanda baiskeli kwenda Dar es Salaam, kwenye uwanja wa ndege. Akarudi siku ya pili, vumbi mpaka kwenye nyusi, anapiga kengele tangu mbali. Ameona kwa macho yake! Saa nane, kijana mmoja katoka na mpira mkubwa, kauachia, akautazama mpaka ukapotea machoni. Watu wa hali ya hewa.

"Na huo mpira," mama akauliza, "hauna macho?"

Wakacheka tena, wakadhani anatania. Baba akakata shauri: ngoma Ijumaa ijayo, dude lije lisije. Nililala nikiwa nimekumbatia ukili wangu.

Ijumaa asubuhi mama aliingia peke yake na karai la maji kuniogesha. Ngoma zilikuwa zimekwisha anza uani. Mimi domo halifungi, namwambia mama unaona, hakuna nuhusi, ni mpira tu, na mimi ndiye niliyejua kabla ya wote. Yeye ananisugua mgongo.

"Nilijua halina ubaya," akasema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Nilipoliona nilishtuka, kisha nikafikiri, Mungu ameniletea kisingizio. Kurui mbali, mwanangu. Siku unayotoka humu ndiyo siku unayoniondokea. Nilitaka mwaka mmoja tu."

Nikageuka. Mwaka mzima nilikuwa nimemchungulia kupitia lile tundu, akitwanga, akipeta, akiwasha moto, na hata siku moja sikujiuliza anawaza nini.

"Mama, basi nikae. Nitasema naumwa. Tuahirishe."

Akanipiga kofi la mgongoni, maji yakaruka. "Usinitie wazimu! Pilau liko jikoni, watu wa Kurui wamefika, wewe unasema tuahirishe?" Lakini alichukua khanga yangu mpya akajifutia uso, kisha akanivika hivyo hivyo, imelowa.

Wakanibeba mabegani, nikatolewa juani. Nilikuwa nalia kwa kwikwi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema mwali huyu ana haya kweli kweli, amefunzwa. Sikuwa na haya hata chembe. Nilikuwa namtafuta mama katika watu, na jua lilikuwa kali, sikuweza kumwona.