Lubani kwa Rubani wa Walukuba

Siku Siraje Mugweri alipokata roho, mwaka 1988, jirani yake Nasuru, muuza nyama wa mtaa wa Walukuba, Jinja, alilia kwa sauti kuwashinda wenye msiba, kisha akafuta pua na kuuliza, "Sasa nani atakuwa anatudanganya?"

Hakusema kwa ubaya. Miaka tisa Siraje alikuwa akiziba pancha za baiskeli kando ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa, huku akiwasimulia wateja kwamba zamani alirusha ndege za kivita. Wateja walimsikiliza kwa ile heshima ya mtu ambaye tairi lake bado limo ndani ya karai la maji.

"Afande, tairi imepasuka!" Nasuru alikuwa akimpigia kelele kutoka buchani. "Ita parashuti!"

Siraje alicheka nao. Mtu mmoja tu mtaani alijua kwa hakika kwamba ni kweli. Huyo ni mkewe Mastula, na ndiye aliyeangamiza ushahidi wote.

Ilikuwa Aprili 1979. Serikali ya kijeshi ilikuwa imeanguka na wakombozi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta askari wa zamani. Mastula alikuwa amekimbilia kwa wazazi wake Nakaloke pamoja na watoto wawili. Siraje akamfuata huko akiwa ndani ya gauni la gomesi la shangazi yake, kifungo kimoja kimekatika, ndevu za siku nne kidevuni. Mastula hakuuliza swali. Alitoa mkobani mwa mumewe sare, picha, vyeti vya ng'ambo na kitabu ambamo Siraje aliandika kila safari yake ya angani, akavisukuma mafigani chini ya sufuria ya maharage.

"Angalau yameiva," Siraje alisema wakati wa kula. Machozi yalimtoka. Akausingizia moshi.

Walipohamia Walukuba, Siraje aliihamishia kazi yake ya urubani nyumbani. Jioni alisimama mlangoni na baiskeli yake, akapaza sauti, "Mnara wa Walukuba, naomba ruhusa kutua!" Mastula alijibu toka jikoni, "Zunguka kwanza, uwanjani kuna kuku." Na yeye, mtu mzima mwenye mvi, akazunguka nyumba mara moja kwa utiifu wote, watoto wakimkimbilia nyuma. Watoto walipokuwa wanne, kila mmoja alipewa cheo. Binti mkubwa, Nangobi, alikuwa mwongoza ndege. Mdogo kabisa alikuwa mzigo.

Saratani ya tumbo ilipomjia, daktari wa Mbale alimpa miezi mitatu. Siraje alitumia saba, kwa ukaidi tu. Alikonda hadi saa ikamvuka kiwiko, lakini mdomo haukukonda.

"Injini zote mbili zimezima," alimwambia daktari. "Sasa nateleza hewani. Wewe nionyeshe tu kiwanja."

Wiki ya mwisho aliacha mzaha. Alimshika Mastula mkono.

"Mama Nangobi, nisizikwe muongo."

"Nani kasema wewe muongo?"

"Wote. Hata mwanangu wa tatu shuleni anasema babake ni fundi baiskeli. Ni sawa, mimi ni fundi. Lakini niliruka. Siku ya arobaini yangu tafuta mtu tuliyeruka naye. Asimame, aseme."

Mastula aliahidi. Yale maharage alikuwa hajayasahau.

Alikuwa ndani ya eda, hatoki nje, kwa hiyo aliandika tangazo kwa mkono wake akamtuma Nangobi kwa Abdu. Abdu alikuwa na pikapu yenye spika mbili juu, akitangaza mechi, chanjo, mikutano ya siasa na mbuzi waliopotea, vyote kwa furaha ileile. Tangazo lilisema: *Marubani wote wa marehemu Siraje wanaombwa wafike Walukuba kwa dua, Jumapili.* Lilikuwa tangazo safi, lisilo na kosa hata moja. Kosa lilikuwa ulimi wa Abdu, ambao tangu azaliwe haujapata kuielewa herufi r.

Pikapu ikaenda Mpumudde, ikarudi, ikashika njia ya Mbale hadi Nakaloke, ikilia: "Malubani! Malubani wote wa malehemu Silaje, wanaombwa wafike Walukuba!"

Mswahili wa pwani angeshtuka pale kwenye "wote" na "wanaombwa", akajua wanaoitwa ni watu. Lakini sisi huku Kiswahili tulifundishwa na askari, tena kwa mateke, na katika darasa lile hakuna aliyebaki nyuma kuuliza habari za ngeli. Watu walisikia walichosikia. Marehemu ametaka lubani, ule ubani wa kufukiza. Lubani yote. Ya aina zote.

"Huyu mtu alikuwa na dhambi gani," aliuliza mzee mmoja wa Nakaloke, "mpaka ubani wa Jinja peke yake usitoshe?"

Jumapili wakaja, na kila mtu na ubani wake. Walileta kwenye bahasha, kwenye pakiti za sigara, kwenye mikebe ya Blue Band. Bibi mmoja wa Mpumudde alibeba chetezo chake mwenyewe, kikiwa tayari kimewaka, nyuma ya boda boda. Kufikia adhuhuri moshi ulikuwa mzito hata shehe akawa anaisoma Yasini kwa kumbukumbu, na waliokaa safu ya nyuma waliitikia "amin" wakiamini kule mbele bado kuna watu. Kuku wote walihama.

Mastula alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la dirisha, akihesabu sauti. Nyama ilikuwepo, watu walikuwepo, moshi ulikuwepo. Rubani hata mmoja hakuwepo. Nangobi alipomweleza kilichotokea, alikaa chini akafunika uso kwa kanga. Amemchoma mara ya kwanza na maharage. Sasa anamchoma mara ya pili na ubani.

Shehe alikuwa anakaribia kufunga dua mtu mrefu alipoingia akikohoa, amevaa kofia ya askari jela.

"Hapa ndiyo kwa Siraje?"

"Ubani weka pale," Nasuru alimwelekeza.

"Mimi hapana leta ubani. Mimi ni rubani. Romano Otim, kutoka gereza ya Mbale. Nilisikia ile mtu ya spika, nikajua anataka kusema nini. Jeshini tulikuwa na mwalimu kama yeye. Alikuwa anatuambia, 'Lubani, luka!'"

Pazia lilitikisika. Shehe akampa ruhusa, naye Otim akasimama sawasawa.

"Siraje alikuwa rubani. Tena mbaya sana."

Mnong'ono ukapita kwenye moshi.

"Aprili sabini na tisa tulipewa mabomu, sisi wawili, kila mtu na ndege yake. Adui alikuwa magharibi. Siraje akaenda mashariki! Namwita kwa redio, 'Wewe unaenda wapi?' Anasema, 'Mawingu mengi, sioni.' Mawingu gani? Mbingu ilikuwa safi kama sahani. Akaja mpaka hapa, akamwaga mabomu yote ndani ya ziwa, akarudi. Kamanda akauliza, adui je? Akasema, 'Amezama, afande.' Wakampa cheo!"

"Afande, inatosha," shehe alisema. "Tuko kwenye dua."

"Mwache amalize!" Sauti ya Mastula ilitoka dirishani. "Afande Otim, ulimuuliza kwa nini?"

"Nilimuuliza, mama. Alisema, 'Nina watoto wawili. Wale kule chini sijui wanao wangapi.'"

"Lakini aliruka?"

"Aliruka, mama. Peke yake. Kwa mikono yake."

Mastula akawaambia wote, kupitia pazia, habari ya kitabu na mafiga. Hakujitetea. Shehe alijikuna ndevu. Alikuwa mtu wa haki, tena mpenda utaratibu, jambo linalochosha zaidi.

"Mama, tumesikia. Wewe ni mke, na huyu bwana ni mmoja. Shahidi mmoja hatoshi. Siwezi kutaja kwenye dua jambo lenye shaka."

Kisha Nasuru, aliyekuwa ameacha kucheka tangu neno "ziwa", akaguna.

"Afande, mabomu yaliangukia upande gani?"

"Masese, karibu na visiwa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu."

Nasuru alivua kofia.

"Shehe, siku hiyo samaki walielea Masese kama takataka. Ngege, mbuta, wakubwa kwa wadogo. Tulisema ni muujiza. Walukuba nzima tulikula siku tatu, katikati ya vita, na mke wangu akakausha gunia." Akalishika tumbo lake, lililokuwa kubwa, kama anaapa juu ya msahafu. "Mimi nilikula. Andika mimi ni wa pili."

"Na mimi nilikula," alisema yule bibi wa Mpumudde.

"Na mimi!" wakaitikia safu za nyuma, ambazo hazikuonekana.

Shehe akahesabu mikono iliyotokeza juu ya moshi, akachoka, akafungua viganja. Alimwombea Siraje Mugweri, fundi baiskeli na rubani, baba wa watoto wanne, maghufira mapana. Nyuma ya pazia Mastula alikuwa anacheka siku ya arobaini ya mumewe, kanga mdomoni, na alipojaribu kuitikia "amin" hakuweza.