Maziwa ya Asubuhi ya Shangazi Zaina

Niliondoka Mpanda kwa sababu ya simu moja. Shangazi Zaina, aliyenilea kule Gare tangu nikiwa na miaka mitano, alisema wenzake wa kikundi cha maziwa wanamtuhumu kutia maji, na Jumamosi watakaa kikao cha kumtoa. "Nina ng'ombe mmoja na jina moja," aliniambia. "Njoo."

Treni ilinifikisha Tabora, mabasi mawili yakanifikisha Mombo siku ya tatu. Kutoka pale barabara hupanda kwa kona hadi Soni, joto likabaki chini kama nguo iliyovuliwa. Nimeishi mikoa saba na yote nimeihama, lakini baridi ile ikipenya dirishani najiona nimevaa tena kaptula ya shule.

Jumanne jioni niliingia Gare.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko hawali?"

Tukila, akanieleza. Kila asubuhi kwenye kituo cha kikundi cha kukusanyia maziwa, maziwa kidogo ya kila mwanachama hutiwa kwenye chupa ya kioo, yakaachwa mpaka kesho yake utando wa mafuta upande juu. Utando wa wenzake ulikuwa mnene kama kidole. Wake ulikuwa uzi. Kipimo kinachoelea ndani ya maziwa hakikuonyesha maji, lakini mwenyekiti, Mzee Shekigenda, alisema wajanja wana njia zao.

Jumatano alfajiri nilifanya jambo ambalo sikumwambia. Nilitia alama ya mkaa kwenye ndoo iliyokaa bandani, pale maji yalipofika, kisha nikasimama nje nikichungulia kwenye ufa wa mbao. Shangazi alimkamua Bibi Harusi, ndivyo ng'ombe alivyoitwa, akaacha kidogo kwenye chuchu kwa ajili ya ndama, kama mama yake alivyomfundisha. Maji yalibaki palepale kwenye alama. Bila kugeuka akasema, "Ukimaliza kuchungulia, njoo umfungue ndama."

Saa nane mchana alikamua tena. Maziwa yale huwa ni ya Mama Asha, mwenye kibanda cha chai barabarani, na ndama muda huo huwa malishoni, hivyo shangazi alikamua mpaka tone la mwisho. Nilimbebea Mama Asha dumu, naye akanikaribisha kikombe. Utando uliganda juu ya chai nikausogeza kwa kijiko.

"Maziwa ya shangazi yako hayana mfano," alisema. "Hao wanaosema anatia maji, waje wanywe hapa."

Nilibaki na kikombe mkononi. Ng'ombe yule yule, mkono ule ule. Hapo nikakumbuka miaka miwili niliyokamua katika shamba moja Iringa. Msimamizi wetu alikuwa akitufokea tukichelewesha zamu: kiwele kikikaa muda mrefu, maziwa huwa mengi lakini mepesi, kikikaa muda mfupi, huwa machache yenye mafuta zaidi. Na yale ya mwisho kutoka ndiyo mazito kuliko yote. Bibi Harusi alikuwa anakaa muda wa saa nane tangu asubuhi hadi mchana, na muda wa saa kumi na sita tangu mchana hadi asubuhi. Kituo kilikuwa kinapata maziwa ya ule usiku mrefu, na sehemu yake nono anaimaliza ndama.

Alhamisi nilimfuata Mzee Shekigenda shambani kwake. Alikuwa akipanda kabichi.

"Umetoka mbali kuja kunifundisha ng'ombe?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Nakuomba uje utazame kwa macho yako."

Alikuja mchana ule ule, akasimama nyuma ya shangazi kama msimamizi wa mtihani. Chupa ya kwanza ikajazwa. Ijumaa alfajiri alirudi amejifunika koti, ikajazwa ya pili; safari hii ndama alisubiri, na yale ya mwisho tukayatia kwenye chupa ndogo ya tatu.

"Na huyu ndama atakula nini?" mzee aliuliza.

"Ale tuhuma zenu," shangazi akamjibu.

Jumamosi chupa tatu ziliwekwa mezani kituoni. Ya asubuhi ilikuwa na uzi wake. Ya mchana ilikuwa na kidole kizima, na ile ndogo ilikuwa karibu nusu yake utando. Mzee Shekigenda alizigeuza moja moja, kisha akavua kofia. "Zaina, nimekukosea mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu." Wakakubaliana akamue saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, na ndama apewe kikombe chake mapema, ili yale mazito ya mwisho yafike kituoni. Mama Asha alinuna, kwa sababu chai ya mchana imepoteza maziwa yake.

Jumapili asubuhi nilifunga begi. Shangazi alinisindikiza mpaka barabarani.

"Mwenyekiti nimemsamehe," alisema. "Yeye hakukulia nyumbani kwangu."

Nilisafiri siku tatu kwenda kumtetea, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kupima ndoo yake ya maji.

Hakunifukuza, alinifungia hata mahindi ya njiani. Lakini sijarudi tena Gare, na sidhani nitarudi. Huwa tunaongea kwa simu. Ananieleza utando wa wiki umefika wapi, nami namsikiliza bila kumuuliza swali hata moja.