Uhai Katika Tope Kavu la Kanyangi

Mwanangu, kabla hujaondoka nikusimulie: kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kana kwamba jua lake linanichoma mpaka leo. Ilikuwa miaka ya sabini, kiangazi kikali, nami nilikuwa msichana wa chuo kikuu niliyejichagulia kazi ambayo wengi kwetu waliiona ya ajabu: kuchunguza wadudu wa majini, wanavyoishi na miili yao inavyofanya kazi. Mimi ni mzaliwa wa Kibwezi, ambako chemchemi hazikauki. Lakini mwalimu wangu alinituma Kitui, karibu na Kanyangi, kwenye mwamba mkubwa wenye vidimbwi vya maji ya mvua. Humo waliishi mabuu wa mdudu mdogo anayefanana na mbu, ila haumi.

Nilikaa kwa mjane mmoja, mama wa kanisa, ambaye kila mtu alimwita Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye kwa Kikamba. Alinipokea kama bintiye. Basi mvua ikakosekana. Vidimbwi vikawa matope, matope yakapasuka, yakawa magumu kama vigae. Mwalimu akanitumia ujumbe nirudi Nairobi nitafute somo lingine. Nililia, nikafunga sanduku.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda mwambani kuchukua vyombo vyangu. Mwaitu akanisindikiza na chupa ya maji ya kunywa. Maji hayo, mwanangu, aliyapata kwa kuchimba mchanga wa mto, mbali, yeye na punda wake. Nilipobandua kipande cha tope, nikaona ndani yake vitu vidogo vilivyokunjamana, vikavu kama majani ya chai. Nilivitambua. Walikuwa wadudu wangu.

"Mwaitu, naomba maji kidogo."

"Kunywa, mwana wakwa."

"Si ya kunywa. Nataka kuwamwagia hawa."

Akanitazama sana. "Umwagie vumbi maji, na ng'ombe wangu wanakufa?"

Hata hivyo alimimina kidogo katika kifuniko cha chupa, akanipa. Mpaka leo sijui kwa nini.

Nikawatia wadudu humo, tukakaa. Hakuna kilichotokea. Jua likapanda, nami nikaanza kuona haya kwa maji niliyoyapoteza. Ndipo mmoja akavimba. Akanyooka. Wekundu hafifu ukamrudia, mwili ukajikunja, ukajikunjua, akaogelea! Akafuata mwingine, na mwingine. Nikawatazama kwa lenzi mmoja baada ya mwingine. Nikampa Mwaitu. Akainama, akatazama, akamwita Mungu, "Ngai!", kwa sauti ndogo, kisha akavua viatu vyake vya matairi palepale mwambani, kama aliye mahali patakatifu.

"Niambie wewe uliyesoma," akasema. "Hawa walikuwa wamekufa ama walikuwa wamelala?"

"Sijui, Mwaitu. Nilisoma kwamba wapo wadudu wa namna hii, lakini sikudhani wako hapa. Na wanavyofanya, sijui kabisa."

"Basi sanduku umelifungia nini? Unaliacha swali hapa juu ya mawe, nani atalijibu? Mimi ng'ombe wanakufa na sijahama. Kaa utafute."

Nikakaa. Mwalimu alikasirika, mpaka nilipomtumia vipande vya tope avimwagie maji mwenyewe. Akaja Kanyangi mbio.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba maji yanapomtoka mdudu yule polepole, mwili wake hutengeneza sukari inayoshika nafasi ya maji na kulinda kila kilichomo ndani. Uhai wake husimama tu, ukingoja. Nilipompelekea Mwaitu jibu hilo, tayari alikuwa amezeeka. Alicheka sana. "Kwa hivyo hawakufa wala hawakulala," akasema. "Mungu ana neno la tatu, na hakutuambia."

Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote, na kila nikilieleza nasikia baridi mwilini. Kulijua hakujapunguza mshangao wangu; kumeuongeza.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu: usiseme kitu kimekwisha kabla hujapiga magoti ukakitazama kwa karibu. Usione aibu kusema "sijui", ila usilifanye neno hilo sababu ya kuondoka; lifanye sababu ya kubaki. Na mtu akikupa kile alicho nacho haba, kifanyie kazi ya maana.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa, na afya ya kuyatumia, na wazee wasioogopa kukuambia ukweli. Nenda kwa amani.